Mke na Mume Safarini kwa Miguu, Likoni hadi Vanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hii ni safari ya namna gani hasa?

Ni matembezi ya siku nyingi ambamo mke na mume hubeba mizigo yao mgongoni, hulala mahali tofauti karibu kila usiku, na hutegemea miguu yao kwa kila kitu isipokuwa pale ambapo maji yanalazimisha chombo. Majibu yaliyo hapa yanahusu mwambao wa kusini, kuanzia kivuko cha Likoni hadi Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, kwa sababu ndiyo njia ambayo watu wa Mombasa wanaweza kuianza bila kupanda gari hata mara moja. Barabara kuu kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, mji wa mpakani ulio karibu na Vanga, ni takriban kilomita 100, na anayeandama ufuo, kuingia vijijini na kutoka tena, hutembea zaidi ya hapo. Wawili wasio na haraka watahitaji kati ya wiki moja na siku kumi.

Jambo moja lieleweke mapema: ufuo hauandamiki mwanzo hadi mwisho. Kutoka Shelly hadi Tiwi, Diani, Galu na Kinondo mtu anaweza kukaa mchangani kwa sehemu kubwa, ingawa Tiwi ina miamba ya matumbawe inayokata viatu. Ukifika Gazi, mikoko imeifunika ghuba na lazima upande kwenye njia za ndani. Baada ya Msambweni ni mto Ramisi na mikoko tena, na kati ya Shimoni na Vanga wengi huchagua kupanda mashua au kuzunguka kwa barabara ya Lunga Lunga. Kwa hiyo siku moja mtakuwa mchangani, ya pili kwenye vijia vya mashamba ya minazi, ya tatu pembezoni mwa lami mkipigwa na upepo wa malori.

Siku yetu itaanza na kuisha saa ngapi?

Bahari ndiyo itakayowapangia, na wanandoa wengi huchelewa kulikubali hilo. Katika siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya mwambao huu hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Hizo ndizo siku bora za kutembea ufuoni: mnaondoka saa moja na nusu hivi wakati maji yanatoka, mnakanyaga mchanga mgumu uliolowa, na mnamaliza sehemu kubwa ya safari kabla ya adhuhuri. Kila siku wakati wa maji husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, maji hupwa alfajiri na jioni, yanajaa katikati ya asubuhi, na ufuo unaobaki ni ule mchanga laini wa juu unaozamisha kisigino. Siku hizo tembeeni ndani.

Mfano mzuri ni mto Mwachema, unaotenganisha Tiwi na Diani, karibu na msikiti wa kale wa Kongo wenye mibuyu pembeni. Maji yakipwa, mtu anavuka mdomo wa mto akiwa amepandisha nguo hadi gotini, viatu vimefungwa shingoni kwa kamba zake, huku akihisi mchanga ukichotwa chini ya nyayo na mkondo unaotoka. Yakijaa, hapo hapo pana kina kinachoweza kumchukua mtu mzima mwenye mzigo. Jedwali la maji hupatikana kwenye simu, lakini muulizeni mvuvi aliye karibu kabla ya kuvuka popote, kwa kuwa jedwali halijui mvua iliyonyesha bara jana.

Kwa upande wa jua hakuna la kushangaza. Tuko karibu na ikweta, kunapambazuka na kuchwa karibu saa ile ile mwaka mzima, na giza huingia upesi. Saa kumi jioni iwakute mmeshajua mtakapolala.

Nani abebe nini?

Kanuni inayotumiwa na watembezi wengi duniani ni kwamba mzigo usizidi moja ya tano ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 asipite kilo 12, maji yakiwa humo. Katika njia hii kilo 7 au 8 kabla ya maji zinatosha kabisa. Kugawana nusu kwa nusu kunaonekana haki lakini si haki: mwenye mwili mwepesi atachoka kwanza, na akichoka yeye mmechoka wote wawili. Gawaneni kwa kadiri ya mwili na afya, na ikibidi mzigo wa mmoja upunguzwe katikati ya siku bila maneno mengi.

Faida kubwa ya kusafiri wawili ni kwamba vitu vingi vinahitajika kimoja tu: chandarua kimoja kikubwa, mkeka mmoja wa kukunja, mkoba mmoja wa dawa, pawa benki moja, sabuni moja. Hata hivyo, msiweke vitu vyote vya lazima katika mkoba mmoja. Kila mmoja awe na maji yake, kitambulisho chake, pesa kidogo na simu yake, kwa sababu kupotezana kwa saa mbili kwenye vijia vya minazi ni jambo la kawaida kuliko linavyodhaniwa.

Hema tunaliona ni mzigo wa bure katika njia hii. Ni zito, ni joto, na linaita maswali ya walinzi wa usiku.

Je, tubebe jiko na vyombo vya kupikia?

Hapana, isipokuwa kama mmoja wenu hawezi kuanza siku bila chai yake mwenyewe. Mwambao wa Kwale umejaa watu wanaopika na kuuza, na mwendo wa kijiji hadi kijiji si mrefu. Alfajiri tafuteni moshi. Mahali palipo na karai ya mafuta, mama aliyekaa kwenye kigoda, na watoto wa shule waliopanga foleni na vibakuli, pana mahamri ya moto na mbaazi za nazi, na mlo huo unawashikilia hadi adhuhuri. Atakayeagiza awahi, maana mbaazi huisha kabla ya mahamri, na hamri kavu kwa chai ya rangi halifikii hamri kwa mbaazi.

Mchana wa jua kali tumbo halitaki chakula kizito. Madafu, ndizi, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, viazi karai pale penye kituo cha matatu: hivyo vinatosha. Jioni ndiyo wakati wa kula. Mkifika kijiji cha wavuvi nendeni dikoni kwanza, pale mashua zinapotua, mwone kilicholetwa, kisha muulize kwa mama karanga, yaani mkaanga samaki, aliye karibu. Tasi na changu wadogo waliokaangwa huuzwa kwa bei nafuu, na mkimwomba kwa adabu atawaelekeza kwa jirani anayeweza kuwapikia wali wa nazi kwa malipo mtakayokubaliana.

Mkobani wekeni tende, njugu na kashata kwa ajili ya zile saa mbili ambapo hakuna duka. Ziwekwe mahali ambapo mkono unafika bila kuvua mzigo.

Maji ya kunywa tutayapata wapi?

Madukani, misikitini, na kwenye nyumba za watu, lakini si kila maji yanafaa. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi. Wenyeji wanajua ni kipi cha kunywa na ni kipi cha kufulia, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuchota. Yote yasiyotoka dukani yachemsheni au yatieni dawa ya maji. Kwa joto la hapa kila mmoja ahesabu lita nne kwa siku au zaidi, na akumbuke kuwa lita moja ni kilo moja: beba mbili, jaza njiani.

Anayetapika au kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Tutalala wapi, na je, tutaulizwa kama tumeoana?

Mtaulizwa. Katika vijiji kama Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga, mwanamume na mwanamke wasiojulikana wanaoingia jioni na mizigo ni jambo la kuulizwa, na kuulizwa huko si uadui. Wekeni picha ya cheti cha ndoa kwenye simu pamoja na vitambulisho. Ukifika, usianze kwa kutafuta mahali pa kulala. Anza kwa salamu, kisha umuulize mzee wa mtaa, ujieleze umetoka wapi na unaelekea wapi. Baada ya hapo aghalabu nyumba hujitokeza yenyewe.

Tiwi, Diani na Shimoni zina nyumba za wageni za bei mbalimbali. Kwingineko mtalala kwa watu, na karibu kila familia ya Mombasa ina shangazi, somo au mkwe mahali fulani Kwale. Tafuteni majina hayo kabla ya kuondoka. Mkilala kwa mtu msimpe pesa mkononi mbele ya watu. Sukari, majani ya chai, sabuni au samaki wa jioni hupokelewa vizuri zaidi, na kama ni lazima iwe pesa, mke ampe mama wa nyumba wakati wa kuaga. Inawezekana mkatenganishwa usiku, mke alale na wanawake na mume barazani na wanaume. Kubalini bila kukunja uso.

Kulala ufuoni hatushauri. Ufuo ulio chini ya alama ya maji kujaa ni wa umma na mlinzi wa hoteli hana haki ya kuwazuia kupita, ila kupita ni jambo moja na kulala usiku ni jambo jingine. Mchana pia simu isishikwe ovyo mkononi.

Tuvae nini?

Nguo nyepesi, ndefu, zinazokauka upesi. Mke abebe leso mbili: moja ya kujifunga juu ya suruali anapoingia kijijini, ya pili ya kichwa, na hizo hizo zitakuwa shuka, taulo, pazia la kuogea na kivuli. Mume awe na kikoi na kofia. Nguo za kuogelea zinazopita bila neno mbele ya hoteli za Diani hazifai hatua chache kusini ya hapo.

Viatu viwe vya kamba vilivyokwisha kuvaliwa nyumbani, na champali za jioni. Msivuke matumbawe pekupeku: kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia nyamani.

Mmoja wetu ni mwepesi wa miguu kuliko mwenziwe. Tufanyeje?

Swali hili huulizwa zaidi na wake kuliko waume, na mara nyingi linaulizwa kwa sauti ya chini. Jibu letu ni kwamba mwendo wa safari ni mwendo wa yule anayekwenda polepole, na si hisani wala upole, ni hesabu tu: wote wawili watafika saa ile ile atakayofika wa nyuma, na anayekimbia mbele hapati chochote ila kusubiri.

Tatizo kubwa zaidi ni namna ya kusubiri. Mwenye mwendo mwepesi hufika chini ya mnazi, hukaa, hunywa maji, hupumzika robo saa, na mara mwenziwe anapotokea yeye husimama na kusema twende. Kwa hiyo mmoja amepumzika na mwingine hajapumzika hata dakika moja, na jambo hilo likirudiwa siku tatu mfululizo linazaa kisirani ambacho hakuna anayejua kilikotoka. Dawa ni nyepesi: mapumziko huhesabiwa tangu anapofika wa pili.

Anayekwenda polepole atangulie kwenye vijia vyembamba. Kwenye ufuo mpana tembeeni sambamba mkibadilishana upande, kwa sababu ufuo una mteremko kuelekea majini na nyonga ya upande wa chini huumia. Mkitaka kuachana kidogo, na si vibaya kutaka ukimya wa saa moja, kubalianeni mahali pa kukutania, na pawe pasipo shaka: msikiti, daraja au njia panda. Kila penye njia panda au kijito cha kuvuka, wa mbele asipite mpaka wa nyuma afike.

Tukigombana njiani je?

Mtagombana, hasa siku ya pili au ya tatu, mwili ukiwa umechoka na bado haujazoea. Kabla ya kujibizana angalieni saa: ugomvi mwingi wa njiani huzuka kati ya saa sita na saa tisa, pakiwa na jua, njaa na kiu. Kaeni kivulini, mle, mnywe, ndipo mseme. Uamuzi wa kuacha safari usifanywe kabla ya kula wala baada ya magharibi.

Kazi za kila siku zigawanywe tangu nyumbani na zisibadilishwe kwa hasira. Kwa mfano, mmoja akunje chandarua na kukung'uta mchanga, mwingine ajaze maji na kulipa. Mmoja aulize njia, mwingine aulize malazi. Katika vijiji vingi itakuwa rahisi mke azungumze na wanawake na mume na wanaume, na hilo lenyewe ni mgawanyo wa kazi unaoleta habari mara mbili.

Faragha ya mke na mume itakuwa haba, tukubaliane. Wanaopanga safari ya wiki nzima hufanya busara kuweka usiku mmoja wa katikati katika nyumba ya wageni yenye chumba kinachofungwa, maji ya kutosha na feni.

Sala tutazifanyaje?

Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, safari inayofikia kilomita 81 hivi inamruhusu msafiri kufupisha Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Kufupisha huanza baada ya kuyapita majengo ya mji wake. Likoni hadi Vanga inavuka kiasi hicho, lakini anayenuia kuishia Diani hajafikia. Yenye utata, kama kupangusa juu ya soksi, mwulizeni sheikh wenu kabla ya kuondoka.

Si kila msikiti wa kijijini una mahali pa wanawake. Nyumba ya jirani na msikiti ndiyo ya kubisha hodi. Mke ataombwa aingie, na mara nyingi atatoka na chai.

Choo, kuoga na hedhi?

Vyoo vya misikiti, vituo vya mafuta na nyumba za watu vinatosha karibu njia nzima. Penye kichaka na pasipo jingine, chimbeni shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji kwa mita 60 au zaidi, na mlifukie. Ufuoni, hapana kabisa. Msiingie kufanya lolote katika msitu wa kaya, kama Kaya Kinondo: misitu hiyo ya Mijikenda ni mahali patakatifu, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na huingiwa kwa idhini na pamoja na mwenyeji.

Chumvi ya bahari ikikaukia mwilini huchubua mapaja na mabega, kwa hiyo ogeni maji baridi kila jioni, hata ndoo moja kwa wawili, kisha mpake mafuta ya mgando sehemu zinazosuguana. Kwa hedhi, mke abebe vya kutosha tangu Mombasa, na vilivyotumika vifungwe vizuri na kubebwa hadi penye pa kuchomea. Mume ajue siku hizo na apange mwendo mfupi bila kuombwa.

Ni maradhi gani ya kuangalia?

Malengelenge ya miguu ndiyo yanayowarudisha watu wengi nyumbani. Mguu unapoanza kuwaka, simameni papo hapo, vueni kiatu, kukung'uteni mchanga, kausheni na kubandika plasta. Kusubiri kituo kijacho ni kuchelewa. Malaria ipo, kwa hiyo chandarua kila usiku, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Msambweni kuna hospitali kubwa ya kaunti. Msioge wala kuvuka bila sababu kwenye madimbwi na mabwawa ya maji baridi: kichocho ni ugonjwa wa miaka mingi katika sehemu hizo za Kwale.

Pesa?

M-Pesa kwa kiasi kikubwa, na noti ndogo ndogo kwa madafu, mahamri na mashua. Mawakala wapo, lakini kijijini jioni huenda wasiwe na fedha taslimu. Kila mmoja awe na chake, na matumizi ya siku yasemwe wazi usiku.

Ni msimu gani unaofaa?

Epukeni masika, kuanzia Aprili hadi Juni, ambapo vijia hugeuka matope na mito hufurika. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kuna joto kali lakini upepo unawasukuma mgongoni mkielekea kusini. Wakati wa kusi kuna ubaridi mzuri, hasa Julai hadi Septemba, ila mkielekea Vanga upepo na mchanga vitawapiga usoni. Wenye hiari huanzia Vanga msimu huo na kurudi kwao kwa miguu, na sisi tunaona hiyo ndiyo safari tamu zaidi ya zote mbili.

Je, mambo haya yanafaa kwa safari ndefu zaidi za nchi nyingine?

Mambo ya wawili, ndiyo. Njia ya Appalachian ya Marekani ina takriban kilomita 3,500, hupita majimbo 14, na wanaoitembea yote kwa mkupuo mmoja huchukua miezi mitano hadi saba. Huko hakuna mama wa mahamri kila asubuhi, hivyo hema, jiko na chakula cha siku kadhaa ni lazima, na mizigo hupanda. Hata hapa kwetu, anayekwenda kutembea vilima vya Taita atahitaji sweta, kwa kuwa kilele cha Vuria kina zaidi ya mita 2,200. Mgawanyo wa kazi, mapumziko ya haki na kula kabla ya kubishana havibadiliki.

Tutarudije Mombasa?

Kutoka Vanga kuna magari ya kwenda Lunga Lunga, na Lunga Lunga matatu za Likoni hupita Ukunda mchana kutwa. Ondokeni asubuhi ili msifike kivukoni jioni, wakati wafanyakazi wanaporudi makwao na mikoba mikubwa ya mgongoni huwa kero kwa kila aliyesimama nyuma yenu. Kwa anayetembea kwa miguu feri ni bure.